Siku Saba Safi

Mwaka niliosoma London, nilipanga chumba Golders Green, mtaa wenye Wayahudi wengi. Jirani yangu wa juu alikuwa wa rika langu, ameolewa, ana watoto wawili. Siku moja tukiwa mezani kwake, mumewe aliomba chumvi. Hakumpa mkononi. Aliiweka mezani, mume akaiokota. Nikajua hapa kuna ugomvi.

Baadaye nilimuuliza. Akacheka: "Hatujagombana. Ninahesabu tu."

Kwa sheria yao, yenye mizizi katika Walawi 15, mke akiingia hedhini hawagusani na mumewe. Damu ikikata, anahesabu siku 7 safi, akijikagua kwa kitambaa cheupe, kisha usiku anazama kwenye mikve, kidimbwi cha maji ya mvua au ya chemchemi. Wengi hungoja siku 5 kabla ya kuanza kuhesabu. Jumla, kama siku 12.

Shida ni kwamba alikuwa ameacha vidonge akawekewa koili ya homoni. Miezi ya kwanza koili hiyo huleta matone matone. Daktari alimwambia ni kawaida, yatapita. Lakini kwake, tone kwenye kile kitambaa lilimrudisha mwanzo. Alikuwa amerudishwa mara tatu.

Si mtumie kondomu tu? Akasema marabi wengi huona afadhali vidonge au koili, kwa sababu kondomu inazuia mbegu ya mume. Na hapa ndipo nilipokasirika kwa niaba yake: katika sheria hiyo hiyo, amri ya kuzaa iko juu ya mwanamume, lakini njia ya kupanga uzazi inaingia kwenye mwili wa mwanamke.

Halafu kuna maswali. Alikuwa akimpigia simu mshauri, mmoja wa wanawake wanaosomea sheria hizi ili wenzao wasilazimike kumpelekea rabi mwanamume mambo yao ya ndani. Mshauri alimwambia avae chupi za rangi, maana doa kwenye nguo ya rangi halihesabiwi. Nikamwambia, mimi siwezi. Mtu baki ajue doa langu?

"Sawa," akasema. "La kwako nani analijua?"

Siwezi danganya, nilikosa jibu. Kabla ya kutoka Nairobi nilikuwa nimeacha sindano nikawekewa kijiti. Nilivuja wiki sita. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilinunua pedi, nikamwambia mpenzi wangu nimechoka, naye akadhani nimemchoka yeye. Huo ndio uliokuwa uhuru wangu.

Sisemi sheria yao ni bora. Anayejikagua ni mke, anayezama majini ni mke, na matone yale yangemchosha hata bila sheria. Ila mumewe alijua wako siku ya ngapi. Hesabu ikirudi mwanzo, ilirudi kwa wote wawili. Mimi nilikuwa nimechanganya mambo mawili: kutoingiliwa na mtu, na kuachwa peke yangu. La kwanza bado nalitaka. La pili sikulichagua, nililizoea tu.

Usiku huo nilimpigia mpenzi wangu nikamweleza zile wiki sita. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, tukitaka kubadilisha tena, kuna njia gani ambayo yeye ndiye angeitumia?

Miaka yote ile, sikuwa nimewahi kumuuliza.