Toka Ungali Hai

Ndugu msomaji, umejificha. Toka!

Mwaka 132 Wayahudi waliasi utawala wa Kaisari Hadrian, wakiongozwa na Simon bar Kosiba, maarufu kama Bar Kokhba. Chini ya vijiji vya Shefela, huko Yudea, kulikuwa na mahandaki yao ya kujificha. Yaone! Njia nyembamba ya kupita kwa kutambaa. Kona za ghafla za kumkwamisha askari mwenye silaha. Visima vya maji, vyumba vya akiba, vijishimo vya taa ukutani, na jiwe la kuzibia njia kutoka ndani. Mwanahistoria Cassius Dio aliandika kwamba walitoboa matundu kwa juu, wapate hewa na mwanga.

Hadrian akamwita jemadari Julius Severus kutoka Britania. Huyu hakuwa na papara. Aliwazingira. Akawakatia chakula. Akangoja.

Wengine walikimbilia mapango ya Nahal Hever, karibu na Bahari ya Chumvi, na juu ya jabali Warumi wakapiga kambi. Mwaka 1960 na 1961, wachimbuaji wakiongozwa na Yigael Yadin walikuta katika pango mojawapo barua za Bar Kokhba, mkoba wa hati za mwanamke aitwaye Babatha, na funguo za nyumba. Funguo! Watu walifunga milango yao wakitumaini kurudi. Katika pango jingine la korongo hilohilo ilipatikana mifupa ya watu wapatao 40: wanaume, wanawake, watoto.

Siwahukumu hata kidogo. Nje kulikuwa na upanga, na kila mzazi angempeleka mwanawe pangoni. Lakini wewe! Nani amekushikia upanga? Unayemkimbia ni Mungu, Baba yako!

Nawe unachimba. Umechimba chini ya ndoa yako, chini ya biashara yako, chini ya kiti chako kanisani. Una simu ambayo mkeo haruhusiwi kuigusa. Una fedha usizoweza kueleza zilikotoka. Umejitobolea hata tundu la hewa: wimbo mmoja Jumapili, sadaka kidogo, machozi ya msibani, basi unavuta pumzi mpaka wiki ijayo.

Sikufundishi jipya. Unajua! Ulijua ulipolazwa hospitali ukaahidi kuacha. Ulijua ulipomzika rafiki yako. Unajua sasa hivi, na moyo unakudunda.

Unasema, "Nikimaliza hili moja." Ole wako! Dhambi haina papara, kama vile Severus hakuwa nayo. Haikurukii, inakuzingira. Inakukatia maombi, inakukatia usingizi, inakukatia uso wa kumtazama mwanao. Kila siku unayoahirisha, akiba inapungua.

Adamu alijificha kati ya miti, Mungu akamwita. Eliya aliingia pangoni Horebu, Mungu akamwuliza anafanya nini humo. Nawe umeitwa mara ngapi? Jiwe limefungwa kutoka ndani, ndugu yangu. Mkono wako ndio uliolisukuma. Lisukume tena!

Usingoje mkutano wa injili. Usingoje mchungaji aje. Usingoje mwaka mpya. Weka karatasi hii chini, itaje dhambi hiyo kwa jina mbele za Mungu, kisha mpigie simu yule uliyemdhulumu, leo, kabla hujala.