Kompyuta Ikikataa Kuwaka, Tumshuku Nani Kwanza?

Kompyuta iliyoharibika na kompyuta ambayo haijawahi kuwaka ni vitu viwili tofauti. Ile ya zamani ina historia. Jana ilikuwa poa, leo imegoma, kwa hivyo unauliza: nini kimebadilika hapo katikati? Mpya haina jana. Umenunua kasha, madabodi, prosesa, RAM na pawa saplai, vyote vimeunganishwa, umebonyeza kitufe, na kimya. Hata feni haijatikisika. Kila spea ni mshukiwa sawa na mwenzake, na mikono iliyoziunganisha nayo iko kwenye orodha. Hapo ndipo swali la fundi linapokuwa swali la maadili: kama yeyote anaweza kuwa na kosa, tuanze kumshuku nani?

Mtaani jibu huja haraka, na karibu kila mara jibu ni mtu. "Ulinunua wapi, Luthuli? Basi uliuziwa mbuzi kwenye gunia." "Nani alikuundia? Huyo? Buda, ameshatoa RAM yako akakuwekea ya kitambo." Hakuna aliyeangalia kama swichi ya nyuma ya pawa saplai imewashwa, lakini mwizi tayari ana jina.

Sitaki kuwacheka wanaosema hivyo. Jirani yangu mmoja huhariri video za harusi, na aliweka akiba karibu mwaka mzima hadi akafikisha shilingi 70,000 na kitu. Risiti zake zilikuwa na ule mstari tunaoujua sote, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtu kama huyo akibonyeza kitufe na kukutana na kimya, anauona mwaka wake mzima ukizama ndani ya kasha. Hasira yake ina sababu. Ila hasira haijui kupima waya.

Jioni hiyo nilikuwepo. Aliyeiunda mashine ni kijana wa ploti ya pili, wa miaka kumi na tisa hivi, ambaye alikuwa ameshaenda zake nyumbani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kweli, ndani ya dakika kumi kijana alikuwa ameshakuwa mwizi wa RAM, kisha mwizi wa prosesa, kisha mtu ambaye "hata familia yao tunaijua." Jamaa wawili walikuwa tayari kumfuata. Tukumbuke tunaishi wapi. Neno "mwizi" likipigiwa kelele kwenye mitaa yetu, mara nyingine linaleta mawe na tairi kabla halijaleta ushahidi.

Kilichomwokoa ni utaratibu. Mama mmoja wa ploti, fundi wa redio na televisheni kwa miaka mingi, aliomba bisibisi na nafasi mezani. Alianza na vitu vya bure. Soketi ya ukutani ina stima? Alichomeka taa, ikawaka. Swichi ya nyuma? Imewashwa. Ule waya mkubwa wa vipini 24 umeingia hadi mwisho? Na ule mdogo wa prosesa, ambao wengi husahau, upo? Halafu akagusisha vile vipini viwili vya kuwashia kwenye madabodi kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja tu. Kama mashine ingewaka, kosa lingekuwa la kitufe cha kasha au waya wake. Haikuwaka. Basi akachomoa stima, akaitoa madabodi nzima, akailaza juu ya katoni yake na kubakisha vichache kabisa: prosesa na feni yake, RAM moja, pawa saplai. Akagusisha tena.

Feni ikazunguka.

Sasa tulijua kitu ambacho kelele zote za nusu saa hazikutuambia: spea zilikuwa nzima, na tatizo lilikuwa ndani ya kasha. Aliposhika tochi tukaliona. Madabodi hukalia vinguzo vidogo vya chuma, na kinguzo kimoja kilikuwa mahali ambapo madabodi hiyo haina tundu. Kilikuwa kinagusa mgongo wake na kusababisha shoti.

Hapa kuna jambo linalonifikirisha hadi leo. Pawa saplai nzuri ikihisi shoti hukataa kuwaka, ili isiunguze kitu. Kwa hivyo kile kimya tulichokisoma kama ushahidi wa wizi kilikuwa ni mashine kujilinda. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, sawa, lakini mshindo wenyewe si lazima uwe ule tunaoutarajia. Tunawafanyia watu vivyo hivyo. Mtu asipojibu simu, anatudharau. Mfanyakazi mpya akinyamaza kwenye mkutano, hajui kazi. Kimya hakisemi sababu yake. Sababu tunaiweka sisi, na kwa kawaida tunaweka ile inayolingana na hasira tuliyokuja nayo.

Je, kijana hakuwa na kosa? Alikuwa nalo. Aliyeunda ndiye alipaswa kuhesabu vinguzo kabla ya kukaza skrubu. Lakini kutojua au kupitiwa ni jambo moja, kuiba ni jambo lingine, na umati haukuwa umeuliza kama alikosea. Ulikuwa umeamua kwamba aliiba. Kutafuta chanzo cha tatizo na kutafuta mbaya wa hadithi ni safari mbili tofauti, hata kama zinaanzia mlango mmoja.

Kuna atakayeniambia: wewe unatetea walaghai, shaka ndiyo silaha pekee ya mnyonge. Nakubali kwamba walaghai wapo na kwamba spea mbovu huuzwa kama mpya. Katiba yetu ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, Ibara ya 46. Lakini Katiba hiyohiyo, Ibara ya 50, inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sioni mgongano hapo. Kupima kwa utaratibu ndiko kunakoziunganisha haki hizo mbili. Ukirudi dukani na kusema "nimebadilisha kitu kimoja baada ya kingine, na tatizo linaifuata RAM hii," una kesi. Ukirudi na kelele, muuzaji naye atakujibu kwa kelele.

Mashine iliwaka usiku ule, watu wakacheka, wakaagiza soda. Hakuna aliyevuka kwenda ploti ya pili kumwambia kijana kwamba jina lake lilikuwa limechafuliwa, na wiki zilizofuata niliona watu wakipeleka simu zao kwa fundi mwingine. Uvumi haukuwa na swichi ya kuuzima.

Ndiyo maana nadhani mpangilio wa maswali yetu ni suala la haki, si la ufundi tu. Anza na swali ambalo ukikosea halimuumizi yeyote: soketi, swichi, waya. Nenda polepole kuelekea yale yanayogharimu. Mtu awe wa mwisho kwenye orodha, na ukimfikia, aulizwe akiwepo. RAM ukiichomoa bure, unairudisha kwa dakika moja. Neno "mwizi" likishaingia kwenye jina la mtu, utalichomoa na bisibisi gani?