Mke wa Msikitini na Mke wa Ofisini

Ukivuka Nyabugogo ukaishika barabara iendayo Gatuna, mpakani na Uganda, Gatsata inakupokea kwa nyundo. Hapa magari ya Kigali yameletwa miaka na miaka yafunguliwe, yanyooshwe bodi, yapigwe rangi, na mengine yachinjwe yawe vipuri. Kiswahili kilikuwa lugha ya gereji hizi muda mrefu kabla ya kupewa hadhi ya lugha rasmi Rwanda mwaka 2017. Na juu ya gereji, mlimani, nyumba zimebanana hadi kileleni.

Tumweke hapo fundi wa injini, Mwislamu mcha Mungu, pamoja na mkewe. Sitawapa majina, maana kisa chao ni cha mfano. Lakini hakuna kipande chake kisichotokea.

Walioana miaka michache baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Baba mdogo wa binti ndiye aliyekuwa walii, kwa kuwa baba yake hakuwa hai tena. Mashahidi walikuwepo, mahari yalitajwa na kupokelewa, shehe akasoma hotuba, watu wakala pilau. Katika dini hakuna kilichopungua. Hakuna aliyetaja ofisi ya umurenge, ile ngazi ya serikali inayoandikisha ndoa, na bibi harusi asingeona sababu ya kuitaja: angeliuliza nini serikalini, naye ameshaozwa mbele ya Mungu?

Mke akaanza kuwauzia mafundi chakula. Asubuhi chai na chapati, mchana wali na maharage, jioni kudai madeni. Fedha za kiwanja mlimani zilitoka zaidi kwenye sufuria zake kuliko kwenye spana za mumewe, na mume mwenyewe alilisema hilo mbele za watu. Lakini karatasi ya mauziano iliandikwa kwa mkono, ikatiwa saini na wanaume watupu.

Kisha serikali ikaja kupima ardhi. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda ilisajili viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10, kazi ambayo nchi nyingi za Afrika zinaitamani hadi leo. Penye cheti cha ndoa, majina ya mume na mke yaliingia pamoja. Pasipo na cheti, jina la mwanamke liliingia kwa hisani ya mwanamume. Watafiti waliochunguza maeneo ya majaribio ya mpango huo waliligundua jambo hili mapema: wanawake wenye ndoa ya kisheria haki yao katika ardhi ilipata nguvu, na wale wasio na cheti haki yao ilififia. Fundi wetu hakuwa na nia mbaya. Wapimaji walipofika, mkewe alikuwa jikoni kwenye gereji. Akasema, “Niandikeni mimi.” Kwake, jina lake na la mkewe vilikuwa kitu kimoja.

Miaka ikapita, akataka mke wa pili. Dini yake inamruhusu, naye hakuficha. Alimwambia mkewe, mkewe akalia, kisha akakubali, kwa sababu imani ile ni yake pia. Tabu ilitoka kwa wakwe wapya. Walikuwa watu wa wilaya ya Rulindo, nao wakakata shauri: mtoto wetu hatoki hapa bila kusezerana, yaani kula kiapo cha ndoa, kwenye umurenge. Fundi akaona ni jambo jepesi. Tangazo la ndoa likabandikwa huko kwa bibi harusi, mbali na macho ya Gatsata. Siku ikafika, akashika bendera ya taifa, akainua mkono wa kulia, akaapa. Alipoulizwa mpango wa mali, akachagua mali ya pamoja, kama wanavyochagua wengi. Katika daftari la serikali hapakuwa na mke mwingine, kwa hiyo hakuna aliyemzuia.

Hapa ndipo napenda msomaji atulie, maana ni rahisi kumwita fundi huyu mlaghai na kumalizana naye. Hakuwa mlaghai. Aliwagawia wake zake siku sawa na matumizi sawa, kama dini inavyomtaka. Aliamini mmoja amempa neno la Mungu na mwingine karatasi ya dola, na kwamba vitu hivyo viwili vina uzito mmoja. Mbele ya msikiti alikuwa na wake wawili. Mbele ya sheria alikuwa na mmoja, yule wa pili.

Figo zikamwangusha. Matanga hayajapoa, ndugu wakakaa kikao, na mdogo wa marehemu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza nyumba ile:

“Shemeji, hati ya ndoa unayo?”

“Shehe yupo, baba. Shahidi mmoja bado yu hai.”

“Hao najua. Nauliza hati.”

Wakaenda kwa abunzi, wale wazee wa upatanishi wa mtaa, ambao walimsikiliza kwa heshima na hawakuwa na cha kumpa. Mjane anayetambuliwa ni yule wa Rulindo, na kiwanja ni mali aliyoiingia kwa ndoa. Watoto wa mke mkubwa, kwa kuwa baba yao aliwaandikisha, wanarithi upande wa baba yao. Mama yao si mjane. Akitaka chochote, aende mahakamani athibitishe jasho lake, na jasho la chapati halina risiti. Mke mdogo naye hakumwibia mtu: alifanya kila ambacho sheria ilimwambia afanye.

Katiba ya Rwanda ya 2003, na baada yake marekebisho ya 2015 katika kifungu cha 17, inasema ndoa inayotambuliwa ni ile ya kiserikali tu, ya mume mmoja na mke mmoja. Wako wanaosikia maneno hayo wakafurahi kwamba Rwanda imeitoa dini nje ya sheria ya ndoa. Hawajaangalia nyuma vya kutosha. Mfalme Musinga, aliyekataa ubatizo, aliondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, na Askofu Classe wa Kanisa Katoliki alikuwa na mkono katika jambo hilo. Mwanawe Rudahigwa alibatizwa 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme. Katika miaka ile ya watu kumiminika kanisani, mwanamume mwenye wake kadhaa aliyetaka ubatizo alitakiwa abaki na mmoja. Wengine walirudishwa makwao. Mke mmoja wa sheria ya leo ana asili yake pale. Serikali ilirithi umbo la ndoa kutoka kanisani, ikafuta jina la Mungu, ikabakiza umbo.

Kwa hiyo swali la kama imani iingie katika sheria ya ndoa limechelewa kuulizwa Rwanda, maana ilishaingia. La kuuliza ni nani analipia inapoingia imani moja na kuachwa nyingine. Mara zote mbili amelipa mwanamke aliyeolewa kwa taratibu za watu wake: yule aliyefukuzwa ili mume abatizwe, na huyu wa Gatsata.

Wala kuzipokea dini zote hakutoshi. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, iliitambua ndoa ya msikitini, ya kanisani, ya kimila na ya kiserikali, ikampa mke wa kwanza nafasi ya kupinga ndoa nyingine mbele ya msajili, na waliokaa pamoja miaka miwili wakidhaniwa wanandoa wakawekewa kinga. Hiyo ingemfaa mama wa Gatsata. Lakini sheria hiyohiyo ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka Mahakama Kuu akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019. Kenya nayo, mwaka 2014, ilitambua ndoa za wake wengi, na wabunge wanaume wakakifuta kipengele cha ridhaa ya mke wa kwanza huku wenzao wanawake wakitoka ukumbini.

Naamini dini ina haki ya kusema ndoa njema ni ipi kwa waumini wake. Dola haina haki ya kuchagua imani moja, kuivika vazi la serikali, kisha kumwambia aliyeishi kwa imani nyingine kwamba hakuishi. Na shehe au mchungaji anayefungisha ndoa bila kuuliza cheti cha umurenge anamtoa binti wa watu uchi kwenye baridi, hata kama dua yake ni ndefu.

Sheria ya Rwanda ya 2008 dhidi ya ukatili wa kijinsia iliwahi kuliona hili. Kifungu chake cha 39 kilitaka mtu aliyeishi na mke au mume zaidi ya mmoja, kabla ya kufunga ndoa ya kisheria, kwanza agawane sawasawa mali aliyochuma nao. Hapo sheria haikuuliza nani alisoma hotuba. Iliuliza nani alichuma. Swali hilo msajili wa Rulindo angemuuliza fundi siku ile ya bendera, angejibu kweli, maana hakuwa mtu wa uongo. Na kwa kuwa hakuulizwa, mahakama impokee mama huyu hata sasa, mume akiwa kaburini, na wateja wake wa gereji wakubaliwe kuwa mashahidi wa chapati zilizonunua kiwanja.