Deni la Anayefundisha

Jina lenyewe linashtaki: kisukari. Kijana wa miaka 14 akilitaja, watu wanasikia sukari tu, na hukumu inatoka hapo hapo: "Si ulizidisha peremende." Kumbe aina ya kwanza hailetwi na utamu. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna aliyekosea.

Halafu anapewa karatasi ya lishe: brokoli, samaki wa kuoka, gramu kadhaa za hiki na kile. Kwao Mombasa wali unaliwa kwenye sinia moja, watu sita. Atapimaje gramu zake? Akishindwa, anaitwa mkaidi.

Utaniambia mwili haujui mila, wanga ni wanga. Kweli kabisa. Lakini somo halifundishwi kongosho, linafundishwa mtu. Kumlaumu kwa kutofuata agizo lisiloijua meza yao, kwangu mimi, ni dhuluma. Anayefundisha ndiye mwenye deni la kwanza. Basi apime wali kwa ngumi yake, atengewe sahani kabla sinia haijatua, na asionekane anajitenga. Mama aonyeshwe mtungi wa udongo unavyoweza kupoza insulini pasipo friji. Nyanya aelezwe kwamba sindano si adhabu, na kwamba mitishamba haiwezi kushika nafasi yake.

Leonard Thompson, mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Toronto, Januari 1922, naye alikuwa na miaka 14. Dawa tunayo zaidi ya miaka 100. Maelezo yanayofika jikoni bado tunadaiwa.