Je, Mume Anawajibika Kumpa Mke Wake Figo?



Figo za mke zikishindwa kufanya kazi, jamaa humgeukia mume: "Si ninyi ni mwili mmoja? Mpe moja!" Tulipime neno hilo.

Kwa damu, mume na mke ni wageni. Figo ya kwanza kupandikizwa ikafaulu, huko Boston, Marekani, mwaka 1954, ilitoka kwa pacha wa kufanana, na mwili wa nduguye haukuikataa. Figo ya mtu mwingine hushambuliwa na kinga ya mwili kama adui. Ndiyo sababu mgonjwa humeza dawa za kutuliza kinga hiyo kila siku. Dawa humwokoa, lakini humfanya apatwe upesi na maambukizo, hata aina fulani za saratani, na gharama yake haina likizo.

Hata hivyo figo ya mwenzi hufaa. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba baada ya miaka 3, figo 85 katika kila 100 zilizotolewa na waume au wake zilikuwa bado zinafanya kazi. Zile za wazazi zilikuwa 82.

Yako pia matumaini. Madaktari wa Boston wamejaribu kumpa mgonjwa figo pamoja na uboho wa mtoaji, ili mwili ujifunze kuipokea figo kama yake. Mwaka 2008 walieleza habari za wagonjwa 5 wa kwanza. 4 waliweza kuacha dawa. Lakini matibabu hayo ni magumu, na kuna waliolazimika kuzianza tena. Basi tusimsukume mtu atoe figo kwa kumwahidi kwamba dawa zitakoma.

Je, ni wajibu? Kiapo cha ndoa chatudai uaminifu na matunzo katika ugonjwa, hakitudai kiungo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu huko Roma mwaka 2000, alifundisha kwamba kutoa kiungo ni tendo la upendo: mtoaji aelezwe vema, akubali kwa hiari, na kiungo kisiuzwe. Zawadi inayodaiwa imekuwa deni. Mume anayetishwa na wakwe hajakubali kwa hiari.

Lakini hiari si maficho. Kusema "sitoi" kabla ya kumsikiliza daktari ni kumwacha mwenzako peke yake. Nendeni pamoja, ulizeni, salini, kisha semeni ukweli. Naye aliyetoa asiifanye figo kuwa fimbo ya kumpigia mwenzake kila wanapogombana.

Figo hutolewa mara moja. Dawa humezwa kila siku. Asiyeweza kutoa figo aweza kukumbuka saa ya dawa, kutafuta fedha za kuzinunua na kusindikiza kliniki. Hayo hayana hiari: tuliyaapa mbele ya altare. Jioni moja, mkiwa bado wazima, zungumzeni: ugonjwa ukibisha hodi, tutabebana vipi?