Anayesema "Nimechoka Kuishi" Anaomba Nini?



Leo naomba tuongee jambo ambalo kwenye vikao vyetu vya VIWAWA na TYCS huwa tunalizunguka: kijana mwenzetu anapopata mawazo ya kujiua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua duniani. Kwa umri wa miaka 15 hadi 29, yaani umri wetu huu, ni sababu ya tatu ya vifo. Kwa hiyo tusiseme ni mambo ya watu wa mbali. Yanatuhusu Kyela mjini, Ipinda, Ngonga, mpaka Matema.

Sitasimulia kisa cha kijana yeyote ninayemfahamu, maana waliyoniambia ni yao. Tumtazame mtu ambaye Maandiko yameacha moyo wake wazi ili sote tujifunze: nabii Eliya. Chukua Biblia, soma 1 Wafalme 19.

Eliya ametoka kushinda kwenye Mlima Karmeli. Kila mtu angemwona ni mtu wa imani kweli kweli. Kisha malkia Yezebeli anatishia kumuua, naye anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu amtwae roho.

Sasa angalia kilicho chini ya ombi hilo. Kuna hofu, kuna uchovu, kuna njaa. Anajiona hana thamani kuliko baba zake. Baadaye anasema amebaki yeye peke yake. Yaani ombi la kufa limebeba maombi mengine ndani yake: nipumzike, nisiogope, nisiwe peke yangu. Hilo ndilo neno langu la leo. Mara nyingi kijana anayesema anataka kufa, kuna kitu anachotaka kiishe, naye amefika mahali haoni njia nyingine ya kukimaliza. Kazi yetu ni kukijua kitu hicho.

Kuna anayetaka maumivu yakome. Labda nyumbani anapigwa, au kuna mtu mzima anamfanyia vitendo vibaya na ameambiwa anyamaze. Labda ana sonona, ugonjwa unaokula usingizi, hamu ya chakula na furaha hata kama kwa nje hakuna kilichotokea. Huyu tusikimbilie kusema amerogwa au hasali. Malaria hatuiiti upungufu wa imani.

Kuna aliyezidiwa na aibu. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, jina lake liko chini, na mtaa mzima umeona. Au picha yake imezungushwa WhatsApp. Au ni binti aliyepata ujauzito na anaogopa kurudi nyumbani. Daktari Viktor Frankl, akiwa bado kijana huko Vienna mwishoni mwa miaka ya 1920, alisaidia kuanzisha vituo vya ushauri wa bure kwa vijana, akatilia mkazo hasa kipindi cha matokeo ya shule. Alijua siku ya matokeo mtoto anahitaji mtu wa kukaa naye. Je, parokia yetu inafanya nini siku hiyo?

Kuna anayejiona mzigo. Mito imefurika, mpunga umekwenda na maji, na usiku anawasikia wazazi wakihesabu ada. Anaanza kufikiri, "Nisingekuwepo wangepata nafuu." Ndugu yangu, hilo ni wazo la moyo uliochoka, wala si kweli. Hakuna mzazi aliyefiwa na mtoto akahesabu ada aliyookoa.

Na kuna aliyeumizwa, akalia, hakuna aliyemsikia. Sasa anawaza kwamba labda wakimkosa ndipo watakapomsikia. Huyu ndiye tunayemcheka: "Anadeka tu, anataka aonwe." Jamani, kama anataka kuonwa, si tumwone? Mwenye njaa humnyimi ugali kwa sababu ameomba kwa sauti.

Mara nyingi sababu hizi hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja. Ndiyo maana tusiridhike na majibu mepesi ya mtaani, eti "ni mapenzi tu hayo." Mapenzi yalikuwa tone la mwisho, ndoo ilikuwa imejaa siku nyingi.

Nikiwa nasoma falsafa nilijifunza hoja za Mtakatifu Thomas wa Akwino dhidi ya kujiua: ni kinyume cha upendo wa mtu kwa nafsi yake, kunaijeruhi jumuiya, na uhai ni zawadi ya Mungu. Hoja hizo ni za kweli, na Kanisa linazishika. Lakini Thomas huyohuyo, alipoandika juu ya dawa za huzuni, alitaja machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, usingizi, na hata kuoga! Mwalimu mkuu wa Kanisa hakuona aibu kumwambia mwenye huzuni alie, alale, aoge, awe na marafiki.

Na Mungu alimfanyia Eliya hivyohivyo. Hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Ndipo safari ya Horebu ikaanza, na huko akaulizwa swali, akapewa nafasi ya kusema yote. Mwisho akapewa Elisha, mwenzake wa kazi, na akaambiwa kwamba wako watu 7,000 waliobaki waaminifu. Kumbe hakuwa peke yake.

Huku Unyakyusa tuna salamu nzuri, "Ugonile", yaani umelala? Tunaitikia haraka na kupita. Siku moja msalimie mwenzako hivyo, halafu simama usubiri jibu. Ukimwona hali, halali, anajitenga, anagawa vitu vyake au anaongea kama anaaga, muulize waziwazi: "Unawaza kujiua?" Usiogope kwamba utampandikizia wazo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema kuuliza kwa upole hakupandikizi. Kunampa nafasi ya kupumua.

Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake na usimhubirie. Sikiliza. Vitu vya hatari viondolewe karibu naye. Usimwahidi kutunza siri hii, mwambie, "Nakupenda, ndiyo maana tutamwambia mtu mzima pamoja." Mpeleke kwa mzazi anayeaminika, paroko, katekista au mwalimu, na siku hiyohiyo hospitali ya wilaya. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, bure. Kitubio na daktari havigombani. Mungu anafanya kazi kupitia vyote viwili.

Wengine wananyamaza kwa hofu ya sheria. Ni kweli, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Wenzetu wa Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Lakini shika hili: kuwa na mawazo hayo na kuomba msaada si kosa. Sema mapema.

Kwa mliofiwa kwa njia hii: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba ugonjwa wa akili, uchungu au hofu kubwa vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Mwombeeni. Ombeni Misa. Msione aibu.

Na wewe unayesoma usiku huu, simu mkononi, ukijua ninakuandikia wewe. Soma Tobiti sura ya 3. Kuna binti anaitwa Sara, aliyetukanwa mpaka akatamani kufa. Kilichomzuia kwanza ni kumkumbuka baba yake. Kisha akaenda dirishani, akamwambia Mungu yote. Hakujua kwamba saa ileile, mbali sana, mzee Tobiti naye alikuwa akiomba kufa, wala hakujua kwamba Mungu amekwisha kumtuma Rafaeli kwa ajili ya wote wawili. Msaada ulishaanza safari kabla haujaonekana. Usiku wa leo mkumbuke mtu mmoja. Mwamshe, mwambie. Hutamsumbua.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemlisha Eliya chini ya mti, walaze waliokosa usingizi, wape mkate waliochoka, na utufanye sisi malaika wa kuwagusa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.