Kiwanda ni Wewe

Asilimia 34. Asilimia 35. Skrini inazima, inawaka, halafu yanakuja yale maneno uliyokwisha kuyakariri: mabadiliko yanaondolewa, usizime kompyuta.

Nusu saa baadaye umerudi ulikotoka. Sasisho halikuingia. Na wewe unafanya nini? Unabofya "jaribu tena".

Mara ya ngapi hii?

Usinijibu, najua. Ya nane. Ya tisa. Kila mara bando linaliwa, kila mara usiku unaisha, na kila mara unajifariji kwamba kesho huenda likaingia lenyewe. Litaingiaje? Umebadilisha nini tangu jana?

Hujabadilisha kitu.

Haya, tuongee mimi na wewe. Hiyo kompyuta iliyo mbele yako haikutoka dukani ikiwa kamili. Uliiunda. Ulidunduliza miezi, ukanunua prosesa huku, mazabodi kule, RAM kwa mtu aliyekuwa anauza yake, na kasha ukaja nalo kwenye bodaboda umelikumbatia kama mtoto mgonjwa. Ulipaka ile dawa ya kijivu juu ya prosesa mkono ukitetemeka. Ulipobonyeza kitufe na feni zikazunguka, ulipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni.

Vyaelea vimeundwa. Na hiki kimeundwa na wewe.

Sasa mtu wa namna hiyo anashindwa na namba?

Maana kinachokuzuia ni namba tu. Mwenye kompyuta ya kampuni ana pa kupiga simu: kiwanda kimoja kilichagua vipande vyote, kikavijaribu pamoja, kikamwandalia na draiva. Wewe huna kiwanda hicho. Mchanganyiko wa vipande ulio nao huenda hauko kwenye meza ya mtu mwingine yeyote mjini kwako. Hakuna aliyeupima kabla yako. Kiwanda ni wewe. Mkaguzi ni wewe. Huduma kwa wateja ni wewe, na mteja anayelalamika ni wewe vilevile.

Halafu kiwanda kimelala!

"Nitapiga window upya." Ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa. Kompyuta nzito, piga window. Sauti haitoki, piga window. Siichukii dawa hiyo. Ipo siku huwa ndiyo pekee iliyobaki. Lakini kupiga window kabla ya kusoma kosa ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama. Na kama ubovu uko kwenye RAM au diski, utahamia nyumba mpya na kitasa kilekile.

Soma namba.

Fungua mipangilio, ingia Windows Update, fungua historia ya masasisho. Pale pana vitu viwili unavyovipita kila siku: jina la sasisho lenye herufi KB, na msimbo unaoanza na 0x. Viandike vyote viwili kwenye karatasi. Ukiona 0x8007 mwanzoni, habari iko kwenye tarakimu nne za mwisho. Chukua 0x80070070. Hizo 0070 zimeandikwa kwa mfumo wa hesabu wa kumi na sita. Ukizigeuza kuwa hesabu ya kawaida unapata 112, na 112 kwa Windows maana yake diski imejaa.

Imejaa! Wiki tatu unalaumu mtandao, kumbe ni zile filamu.

0xC1900101? Mara nyingi draiva. Chomoa printa, chomoa kila cha USB usichokihitaji, sasisha draiva, jaribu. 0x80073712? Mafaili ambayo Windows huyatumia kujisasisha yameharibika au hayapo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, iache imalize, kisha sfc /scannow. Fuata mpangilio huo, maana amri ya kwanza inakarabati ghala na ya pili inachota vipuri humo. Ukiugeuza, unachota kwenye ghala bovu.

Uchawi uko wapi hapo?

"Lakini namba nyingine zinadanganya." Kweli, na hapo ndipo wavivu wanapokatia tamaa. Januari 2024 Microsoft ilitoa KB5034441 kwa ajili ya Windows 10, kuziba mwanya uliohusu ulinzi wa BitLocker. Watu wengi wakapata 0x80070643, namba isiyosema lolote zaidi ya kwamba usakinishaji umeshindwa. Kumbe tatizo lilikuwa kile kisehemu cha diski kilichotengwa kwa ajili ya uokoaji: sasisho lilitaka MB 250 zilizo wazi humo ndani, na kompyuta nyingi hazikuwa nazo. Hata mwenye diski ya terabaiti mbili tupu alikwama. Namba peke yake isingemsaidia. Namba pamoja na ile KB ilimfikisha, kwa sababu Microsoft yenyewe ilichapisha maelekezo ya kukipanua kisehemu hicho kwa mkono, kuanzia na reagentc /info. Ikaongeza kwamba kompyuta isiyo na kisehemu cha uokoaji haihitaji sasisho hilo, na kosa lenyewe lipuuzwe.

Lipuuzwe! Kuna mtu alipiga window mara tatu kwa kosa la kupuuzwa.

Au ni wewe?

Mimi sikucheki, maana nilikuwa mzito kuliko wewe. Mashine yangu ya kwanza iligoma hata kupakua masasisho. Nilibadili mtandao. Nilizima kinga ya virusi. Nilinunua bando jipya, nikamtukana mtoa huduma peke yangu chumbani. Siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili umeme ukakatika, ukarudi, nikawasha, na kwa mara ya kwanza macho yangu yakatua kwenye kona ya chini kulia ya skrini. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka sita. Betri ya mazabodi, ile CR2032 ya duara ya volti 3, ukubwa wa sarafu, ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika, saa inarudi utotoni. Na vyeti vya usalama vya seva vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kwa hiyo kompyuta yangu iliona vyeti ambavyo havijaanza kutumika, ikafunga mlango. Betri kama ya rimoti ya gari! Bei yake haikufika sahani ya chipsi mayai.

Tarehe ilikuwa pale, imeandikwa, siku zote kumi na moja.

Sikusoma. Wewe yako umeiangalia?

Kuna na kisingizio kingine kinachonichosha: "mashine yangu haikubali Windows 11". Nani kakwambia? Windows 10 ilifungiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na bado umekaa unangoja. Unangoja nini? Ndiyo, Windows 11 inataka TPM 2.0, inataka UEFI yenye Secure Boot, na inataka prosesa iliyo kwenye orodha: kwa Intel kuanzia kizazi cha 8, kwa AMD sanasana kuanzia Ryzen 2000. Mtu akisikia TPM anakimbilia dukani kutafuta kipande. Simama! Kama prosesa yako ni ya rika hilo, TPM unayo. Ingia BIOS uitafute. Intel wanaiita PTT, AMD wanaiita fTPM, na mazabodi nyingi zilizouzwa kabla ya 2021 zilikuja ikiwa imezimwa.

Ipo. Imelipiwa. Imezimwa.

Unamjua mtu wa namna hiyo?

Diski yako bado iko kwenye mpango wa zamani wa MBR? UEFI inataka GPT, na amri mbr2gpt /validate /allowFullOS inapima kama diski inageuzika, bila kugusa kitu. Ila usivamie. Nakili mafaili yako kwanza mahali pengine, uandike ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi kabla ya kugusa TPM, na usithubutu kusasisha BIOS bila UPS katika msimu wa mgao wa umeme. Mwenye moto hachomi nyumba yake.

"Sina muda." Huna? Umekaa kuitazama asilimia 35 mara tisa!

Anza na daftari. Badili kitu kimoja, jaribu, andika kilichotokea. Umezima XMP ili RAM irudi kwenye kasi yake ya kawaida? Andika. Umeondoa draiva ya zamani ya kadi ya picha? Andika. Likigoma, andika kwamba limegoma, na lilifia asilimia ngapi. Ukibadili vitano kwa mpigo na sasisho likaingia, hujui kilichokuponya, na mwezi ujao unaanza upya kama mgeni kwenye nyumba uliyoijenga mwenyewe.

Na mwezi ujao unakuja. Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu Afrika Mashariki huwa ni usiku, muda wa taarifa ya habari au baada yake kidogo. Hesabu siku zilizobaki. Nne? Kumi? Unataka likukute wapi?

Kalamu iko wapi? Ichukue. Fungua historia. Shuka mpaka kwenye ule mstari wenye neno "imeshindwa". Sasa nisomee kwa sauti, tarakimu moja moja, usiruke hata moja: sifuri, eksi, nane...